Kadi za QSL ukiwa Dodoma: posta, ofisi za vyama, LoTW au eQSL?

Ukiwasha redio yako ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha, Dodoma jioni bendi ikiwa wazi, ukaita "CQ" (yaani, yeyote anayenisikia anijibu) mara mbili kwa ishara ya wito inayoanza na 5H, alama ya Tanzania, hutakaa muda mrefu peke yako. Mjerumani atajibu, Mwitaliano atampanda juu, Mrusi atasubiri zamu yake. Vituo vinavyosikika kutoka Tanzania ni vichache, na wengi wa hao wanaokuita wana ombi moja kabla ya kuagana: QSL. Yaani, utanithibitishia mazungumzo haya?

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Vijana wawili waliopata leseni zao za TCRA hivi karibuni wameniuliza swali lile lile: "Kaka, nichapishe kadi au nijiunge na LoTW?" LoTW, kama eQSL, ni mfumo wa kuthibitisha mazungumzo kwa mtandao. Niliwajibu kwa simu, haraka haraka, na niliona kabisa jibu halikuwatosha. Basi leo naliweka lote mezani.

Nitangulize jambo moja, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Kule mkusanyaji wa kadi kazi yake kubwa ni kuomba. Sisi tunaomba na tunaombwa, tena tunaombwa zaidi. Kwa hiyo kabla hujajiuliza unataka kadi ngapi ukutani, jiulize unaweza kutoa uthibitisho kiasi gani mwaka hadi mwaka bila kuchoka wala kufilisika. Ahadi ni deni, na ukishasema hewani "QSL, nitatuma", umeshaahidi.

Tunapima nini

Nitazipima njia nne kwa mambo manne: gharama, muda, kukubalika kwenye tuzo, na kile kinachobaki mkononi mwako.

Tuzo zinahitaji maelezo kidogo. Inayotafutwa kuliko zote ni DXCC ya chama cha Marekani, ARRL. Unatakiwa kuthibitisha mazungumzo na nchi au maeneo 100 kati ya 340 yaliyomo kwenye orodha yao. Iliyo rahisi kuanza nayo ni WAC, ya mabara 6. Kama tuzo hazikusisimui hata kidogo, kigezo hicho kiruke, na utaona majibu yanabadilika sana.

Kwanza saa, maana bila saa njia zote nne zinakwama

Kosa linaloharibu uthibitisho mwingi huku kwetu halitoki posta wala kwenye intaneti. Linatoka kwenye saa. Waredio wote duniani huandika saa ya UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, nasi tuko saa 3 mbele yake. Juu ya hapo Mswahili huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Umemaliza kuongea na Mfaransa saa tatu usiku. Simu yako inasoma 21:00. Kwenye logi, yaani kumbukumbu ya mazungumzo yako, unatakiwa uandike 18:00. Hesabu mbili, na usingizi umeshakujaa.

Usiku wa manane ndio mbaya zaidi. Ukiongea na Brazili usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane, kwa UTC bado ni Ijumaa saa 23:00. Ukiandika tarehe ya Jumamosi, mwenzako atatafuta jina lako kwenye logi yake siku ambayo hamkuongea kabisa.

Dawa yake ni nyepesi. Nunua saa ya ukutani ya bei ya chini, irudishe nyuma saa 3, itundike juu ya redio, ibandikie kipande cha plasta kilichoandikwa UTC. Usifanye hesabu tena. Soma saa hiyo tu.

Njia ya kwanza: kadi kwa posta, moja kwa moja

Unaandika kadi, unaitia kwenye bahasha, inakwenda kwa mwenyewe. Yeye anakurudishia yake kwenye S.L.P. yako. Huna sanduku? Omba kutumia la ofisi, shule, msikiti au kanisa, lakini omba kwa mtu anayefungua sanduku hilo kila wiki.

*Gharama.* Ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu kila kadi inataka bahasha yake na stempu ya nje. Uchapaji wenyewe hauumizi. Kadi inayokubalika ina urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 9, na A4 moja inakupa kadi 4, kwa hiyo karatasi 50 za manila ni kadi 200. Steshenari yoyote yenye mashine nzuri ya rangi itakufanyia. Ila mwambie fundi mgongo wa kadi using'ae. Kadi zangu za kwanza ziling'aa pande zote kama za harusi. Nikaandika 10 kwa kalamu ya wino, nikazipanga moja juu ya nyingine, na asubuhi yake wino wa kila kadi ulikuwa umejigonga muhuri kwenye picha ya kadi iliyokuwa juu yake. Zote 10 nikaziandika upya.

Anayekuomba kadi kwa uungwana hukutumia bahasha yenye anwani yake, na ndani huweka dola 2 au 3 za stempu ya kurudia. Wengine huweka kuponi ya jibu ya kimataifa, ile iliyoanzishwa na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1906, ambayo hubadilishwa posta kwa stempu. Kuponi zinazidi kuadimika: Uingereza iliacha kuziuza mwishoni mwa 2011 na Marekani mwaka 2013. Ukiipata, tazama kwanza tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake. Dola nazo zina shida yake, kwani noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini na duka jingine halizitaki kabisa. Mimi huzikusanya mpaka zifike kiasi, kisha naenda mara moja.

*Muda.* Wiki kadhaa hadi miezi. Barua nyingi hufika. Bahasha moja niliyoisubiri ilinifikia imepasuliwa pembeni na kubandikwa selotepu. Kadi ilikuwemo, dola hazikuwemo. Tangu siku hiyo nawaomba watu wasiandike ishara ya wito juu ya bahasha. Jina na S.L.P. vinatosha. Ishara ya wito humwambia mwenye mkono mrefu kwamba ndani kuna fedha.

*Tuzo.* Kadi halisi inakubalika kwenye DXCC, ila inabidi ikaguliwe. Mkaguzi aliyeidhinishwa aione kwa macho, au uitume hadi makao ya ARRL kule Newington, Connecticut. Hebu fikiria kuziweka kadi zako 100 kwenye parseli moja ziende na zirudi. Mimi sijathubutu. Na kadi iliyofutwa au kusahihishwa haipokelewi, kwa hiyo ukikosea, chana, andika nyingine. Mwezi uandike kwa herufi, maana 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

*Kinachobaki.* Hapa hakuna njia inayoifikia. Kadi ina mwandiko wa mtu, stempu ya kwao, pengine picha ya antena yake na mbwa wake. Yangu ina mchoro mmoja wa zile za miambani Kolo, Kondoa, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mzee mmoja wa Japani alinirudishia kadi pamoja na ukurasa mzima wa mkono akiuliza waliochora walikuwa watu gani na rangi ile nyekundu waliipata wapi. Tumeongea mara nyingi hewani tangu hapo, na bila ile kadi tungeishia kupeana ripoti za 59, yaani nakusikia vizuri, na kuagana.

Kwenye kadi usisahau kuchapa namba za zoni, yaani kanda ambazo dunia imegawanywa: ya CQ, ambayo kwetu ni 37, na ya ITU ambayo ni 53. Chapa pia gridi, yaani msimbo wa mraba wa ramani ulipo. Dodoma mjini ni KI73. Kuna watu wanakusanya gridi tu, na hiyo KI73 yako ndiyo wanayoitafuta.

Kuhusu kuzitunza, wenzetu wa Tanga na Dar wanapigana na ukungu. Huku hewa ni kavu, karatasi haiozi, adui ni mchwa na vumbi la kiangazi. Sanduku la bati, lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachwa mbali na ukuta, linatosha.

Njia ya pili: ofisi za kadi za vyama

Vyama vya kitaifa vilivyo chini ya IARU, umoja wa waredio duniani ulioundwa Paris mwaka 1925, vingi vina ofisi ya kubadilishana kadi. Unapeleka kadi zako zote kwa pamoja bila bahasha. Wao wanazichambua kwa nchi, wanazituma kwa furushi, na ofisi ya kule inazigawa kwa wenyewe.

*Gharama.* Ndogo kuliko posta kwa mbali, kwa kuwa stempu moja kubwa inabeba kadi nyingi. Kwa kawaida unatakiwa kuwa mwanachama.

*Muda.* Mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi. Kadi hukaa mpaka furushi la nchi husika lijae.

*Tuzo.* Sawa kabisa na kadi ya posta. Ni karatasi ile ile.

*Kinachobaki.* Kadi, ila bila barua wala stempu ya kigeni.

Jambo la kuangalia ni kwamba njia hii inahitaji ofisi zote mbili ziwe hai, ya kutuma na ya kupokea. Kabla hujamwambia mtu hewani "tuma kupitia ofisi", hakikisha kuna ofisi inayopokea kwa niaba yako na inayo anwani yako ya sasa. Kadi isiyo na pa kufikia hurudi kwa mtumaji au huishia rafuni, na mtu wa watu atakungoja miaka.

Njia ya tatu: LoTW

Logbook of The World inaendeshwa na ARRL tangu mwaka 2003. Hapa hakuna kadi. Unapakia logi yako, mwenzako anapakia yake, kompyuta inalinganisha ishara za wito, bendi, modi (aina ya mawasiliano, kama sauti au dijitali), na saa zisizopishana zaidi ya dakika 30. Zikikubaliana, mazungumzo yamethibitishwa. Zisipokubaliana, kimya. Mfumo haukuonyeshi alichopakia mwenzako, kwa hiyo aliyekosea kwa zile saa 3 zetu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani watu hawamtaki.

*Gharama.* Kujiunga ni bure, kupakia ni bure. Unalipa siku unapoomba tuzo. Bando linaloliwa ni dogo sana, faili la logi lenye mistari mia kadhaa halifikii uzito wa picha moja ya WhatsApp.

*Muda.* Kama mwenzako naye anapakia usiku ule ule, asubuhi unaamka imeshathibitishwa. Wanaotumia FT8, modi ya dijitali iliyotoka mwaka 2017, wengi wao programu zao hupakia zenyewe.

Kuingia ndiko kunakotaka subira. Unasakinisha programu iitwayo TQSL, unaomba cheti cha kidijitali cha kuthibitisha kwamba ishara ya wito ni yako, kisha kwa sisi tulio nje ya Marekani unatuma nakala ya leseni na ya kitambulisho kingine, kama pasipoti. Wakikubali, cheti kinakaa kwenye kompyuta yako na kinadumu miaka 3. Kinakaa kwenye kompyuta, nasisitiza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ukachoma diski, na cheti kimekwenda. Weka nakala kwenye flashi mbili na moja isikae chumba kimoja na redio.

*Tuzo.* Ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwa DXCC. Hakuna parseli ya kwenda Connecticut.

*Kinachobaki.* Mstari kwenye jedwali. Na jedwali lenyewe lipo kwa watu wengine: Mei 2024 mtandao wa ARRL ulishambuliwa, LoTW ikazimwa, na ilirudi Julai mosi. Uthibitisho wa watu haukupotea, lakini kwa wiki zile zote waliotegemea LoTW peke yake hawakuwa na la kufanya. Kwa hiyo logi yako ya asili, iwe daftari au faili, itunze kama hati ya kiwanja.

Njia ya nne: eQSL

Hii ipo tangu mwaka 2000, na imekaa katikati ya karatasi na jedwali. Unapakia logi, mwenzako anapata picha ya kadi kwenye akaunti yake, naye anakutumia yake.

*Gharama.* Akaunti ya kawaida ni bure na ina michoro michache ya kuchagua. Ukitaka picha yako mwenyewe, mzabibu wa Dodoma au mbuyu, unachangia.

*Muda.* Papo hapo, na mwenzako anaiona kadi hata kama bado hajapakia logi yake.

*Tuzo.* Hapa soma vizuri. DXCC haikubali eQSL. eQSL wana tuzo zao wenyewe, na tuzo zilizoanzishwa na jarida la CQ huzikubali kadi hizi kama akaunti zimehakikiwa kwa nakala ya leseni. Wengi hugundua hili baada ya miaka miwili ya kukusanya, na inauma.

*Kinachobaki.* Picha unayoweza kuichapisha. Ukichukua 8 ulizozipenda ukaenda nazo steshenari, zinapendeza ukutani.

Meneja je?

Vituo vingi vya Afrika hutumia meneja wa kadi, mredio aliyejitolea huko Ulaya, Marekani au Japani. Unamtumia logi kwa barua pepe, yeye anapokea maombi na kujibu kwa kadi zako kwa stempu za kwao. Si njia ya tano, ni mkono wa kukusaidia kubeba ya kwanza na ya pili, na kwa mtu wa Dodoma naona ndio msaada mkubwa kuliko wote. Kasoro yake ni kwamba barua na stempu zinaishia kwake, na yule mzee wa Japani nisingemjua. Mpatie logi safi kila mwezi. Na kama maombi yatapitia mfumo wa Club Log unaolipiwa kwa PayPal, kubalianeni mapema michango inaingia kwa nani na inanunua nini.

Sasa chagua kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi, pale UDOM au kwingineko, una bando na huna fedha ya stempu, fungua LoTW na eQSL wiki hii hii. Ni faili lile lile la logi, unalipakia mara mbili. Hewani sema wazi: "LoTW na eQSL, sina karatasi." Hakuna atakayekuchukia kwa kusema ukweli.

Ukiwa unataka DXCC, weka nguvu kwenye LoTW, na posta itumie kwa zile nchi chache ambazo mwenyeji wake hapakii. Kwa hizo, usibanie dola za kurudishia.

Ukiwa mpenzi wa kadi zenyewe, mstaafu mwenye S.L.P. na jioni tulivu, chapisha kadi 200, jibu kila bahasha iliyokuja na gharama yake, na acha kuwinda idadi. Anza na watu uliozungumza nao zaidi ya dakika kumi.

Ukiwa unapiga mamia ya vituo kwa mwezi, tafuta meneja kabla rundo halijakuzidi. Nimeshaona mredio mzuri akiacha kabisa kuwasha redio kwa aibu ya bahasha ambazo hakuzijibu.

Ukiwa na klabu ya shule, Kongwa au Mpwapwa mathalani, karatasi ndiyo inayowashika watoto. Bandikeni ramani ya dunia ukutani na uzi mwekundu kutoka Dodoma hadi kila kadi ilikotoka. LoTW iendeshwe na mwalimu, cheti kikae kwake.

Na ukiwa bado unaisubiri leseni, unaweza kuanza kwa kusikiliza tu. eQSL inafungua akaunti za wasikilizaji, ila LoTW haiwapokei. Vituo vingi vya masafa mafupi pia hujibu kwa kadi ukiwaandikia ripoti ya namna ulivyowasikia: siku, masafa, ubora wa sauti, na mambo mawili matatu uliyoyasikia kwenye kipindi. Saa, andika ya UTC.